Mstari Uliotoka Ziwani

Benchi la Majidi muuza kahawa limeegemea ukuta wa duka la spea pale Mtendeni, Tabora, na kiangazi hiki vumbi limelipaka rangi ya tumbaku. Wenyewe wanajulikana. Yupo Mzee Masanja, mstaafu wa reli, wanamwita Injini kwa sababu akianza kusema haoni stesheni. Yupo Hardik mwenye duka, wanamwita Nati. Na yupo Raymundi, fundi wa simu na kompyuta, ambaye siku zote ndiye anayeanzisha ubishi. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kimya, laptopu mapajani, kikombe chake kimepoa.

Wote walijua kazi aliyonayo. Tobias, rafiki yake tangu utoto, alikuwa nahodha wa boti ya mizigo kule Kigoma. Boti ikazama wakati wa mvua. Wenzake wote waliopolewa, yeye hakuonekana. Wiki hii mkewe, Consolatha, anayeishi hapa hapa Tabora, alifungua mlango asubuhi akakuta kizingitini kile kifaa cha boti kinachoonyesha njia na kuitunza. Nani kakileta, hajui. Akampelekea Raymundi.

"Shemeji," alimwambia, "nitolee njia yake. Nataka kujua alipozamia tu, Padri akamwombee pale."

— Imetoka? Masanja aliuliza.

— Imetoka, mzee. Nimeunga waya, kumbukumbu yote imehamia kwenye laptopu. Ila sijui nimehamisha kitu gani.

Akawageuzia kioo. Kwenye ramani, mstari mwekundu ulitoka Kigoma ukashuka kusini juu ya maji, kisha ukasimama katikati ya ziwa. Ulisimama masika yote. Halafu ukageuka, ukapanda ufukwe wa Ujiji, ukaingia nchi kavu.

— Yu hai! Masanja aliruka. Nilisema mimi!

— Acha fiksi, Injini, alisema Hardik. Kuna mtu kakiopoa, kapanda nacho treni, roho imemsuta akakirudisha. Basi.

— Treni gani? Reli nimeifanyia kazi mpaka mvi. Tazama, reli inapita huku, mstari unapita kule. Hapa Malagarasi umevuka mto mahali ambapo hapana hata daraja.

— Basi pikipiki.

— Ni mwendo wa miguu, alisema Raymundi. Tena wa mtu mwenye mzigo. Unaondoka alfajiri, jua likikaza unatua. Kesho yake vivyo hivyo.

Majidi aliacha kumimina.

— Hiyo ni njia ya misafara, alisema polepole. Ujiji, Uvinza, Urambo, hapa. Babu wa babu yangu alibeba pembe humo. Alfajiri mzigo kichwani, mchana kambi.

— Na wewe nawe!

— Nasema nilichosimuliwa, Nati.

Hardik alitaka kucheka, akakichukua kile kifaa badala yake, akakigeuza nyuma.

— Sikilizeni. Hivi vitu nimeshaviuza. Hakina betri yake. Kinakula umeme wa betri ya boti, ukikichomoa kinazima hapo hapo.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo aliyekuja nacho alikuja na betri.

— Kajitwika, alisema Majidi.

Masanja alishusha sauti kama mtu aliye msibani.

— Labda msafara ulipungukiwa mtu. Mpagazi kaanguka njiani, mzigo umebaki chini. Wakatafuta wa kuubeba.

— Na labda hawajawahi kuacha kupita, alisema Majidi. Sisi tu ndio hatuwaoni.

Raymundi aliirudisha laptopu mapajani. Kulikuwa na jambo alilolinyamazia tangu jana.

— Kifaa hiki kinapima na kina cha maji, alisema. Njia nzima kimeandika maji, utadhani hakijatoka ziwani. Uvinza, maji marefu. Urambo yamepungua. Hapa mjini, ya magotini.

— Futa! alisema Hardik. Futa kuanzia pale mstari ulipogeuka. Mpe mahali pa kuzama, amlilie mumewe, aishi.

— Utamfichaje mtu habari za mumewe? Masanja alifoka.

Raymundi alimfikiria Consolatha, aliyeanza juzijuzi tu kula chakula akamaliza. Akauchagua mstari wote, kuanzia katikati ya ziwa hadi mwisho. Kilibaki kitufe kimoja.

— Shikamoo, baba Masanja.

Consolatha alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya benchi na kanga yake ya msiba.

— Marahaba, mwanangu.

— Shemeji, umepata?

Kidole kilikuwa palepale juu ya kitufe. Raymundi alikitoa. Akasogea, akampisha akae, akamweleza yote bila kuruka kitu. Consolatha hakulia. Aliufuata mstari kwa ncha ya kidole, kutoka ziwani, kambi hadi kambi, akaomba ramani ikuzwe. Mstari uliingia kichochoro chake, ukaizunguka nyumba, ukaizunguka tena, ukasimama mlangoni. Ulisimama pale tangu jua kuzama mpaka karibu na mapambazuko. Kisha kifaa kikazima.

— Asubuhi ile nilikuta maji kizingitini, alisema. Nikapiga deki. Nilidhani jirani kamwaga ndoo.

Akamtazama Masanja, akamtazama Majidi, akamtazama Hardik. Mwisho akamgeukia Raymundi.

— Usiku ule sikulala. Nilikuwa na rozari, taa inawaka, na angeiona dirishani. Sasa mbona hakubisha hodi?

Jioni Raymundi alipompelekea kile kifaa, aliukuta mlango umeegeshwa tu. Consolatha alikuwa ameling'oa komeo kwa mkono wake, akalilaza chini ukutani pamoja na misumari yake.