Mama Paskazia na Majiko ya Baridi ya Ngorongoro

Ifikapo tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1997, Mama Paskazia Malimi, Mpishi Mkuu wa kambi zetu, atastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya utalii miaka ishirini na mmoja. Alianza akiwa msaidizi wa jikoni, tulipokuwa bado shirika la umma. Shirika likabinafsishwa, bango la getini likabadilishwa, mameneja wakaja na kuondoka. Wali wa Mama Paskazia ukabaki vilevile.

Ni mzaliwa wa Ukerewe, na hajawahi kuficha kwamba anapenda vitu vipya. Soko huria lilipojaza maduka ya mjini, yeye ndiye aliyekuwa akituletea habari za kilichoingia. Mwaka 1994 akayaona majiko madogo ya gesi, yanayokaa juu ya mtungi wenye ukubwa wa kopo la maziwa. Hadi hapo tulitumia majiko ya mafuta ya taa, yale ya kupampu. Yalinukisha chai, na safari moja yalimuunguza nyusi zote mbili, akazunguka kazini na uso kama wa mtoto mchanga. Basi alimbembeleza meneja mpaka majiko mapya yakanunuliwa. Tuliyajaribu kwenye uani wa kampuni, Igoma, hapa Mwanza, maji yakachemka hata hatujamaliza kuyasifia. Ya pampu yakasukumwa nyuma ya stoo.

Julai iliyofuata tuliwapeleka walimu wa sekondari kutoka Mara kupiga kambi kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Aliyezoea joto la ziwani haijui baridi ile. Njiani gari lilikwama kwenye kijito, na Mwalimu Faith Awuor, aliyeshuka kusaidia kusukuma, akalowa chapachapa. Tulipofika kambini jioni, kukiwa na ukungu na manyunyu, alikuwa akitetemeka hadi maneno yanamkwama mdomoni. Kuni zote zilikuwa mbichi. Mama Paskazia akawasha jiko la gesi. Moto ukatoka kidogo, ukanywea, ukazimika. La pili nalo likafanya hivyohivyo.

Shimba, mwongozaji wetu, akasema, "Mama, tuliingize hemani. Humo hakuna upepo."

"Hapana, baba. Ukiwasha jiko ndani ya hema lililofungwa, hewa inageuka sumu, na hutasikia harufu yoyote. Kesho tutakuwa na msiba." Kisha akashusha sauti. "Majiko haya niliyachagua mimi. Niachieni niyahangaikie."

Aliwaambia walimu wa kike wamvue Faith nguo mbichi, wamvike kavu na kumkumbatia ndani ya mablanketi. Sisi tukapanga masanduku ya chakula kukinga upepo. Gesi ilikuwa imepoa mno kutoka vizuri, basi mtungi mmoja akautia kifuani, chini ya sweta lake la mtumba la soko la Mlango Mmoja, akajikunyata nao. Ulipopata joto akaufunga kwenye jiko, akauweka juu ya kipande cha ubao usiguse ardhi yenye maji, na ule uliopoa ukachukua nafasi kifuani. Akabadilisha hivyo, mara huu mara ule, huku meno yake mwenyewe yakigongana. Sufuria ikachemka.

Faith alikunywa chai taratibu, kikombe kimeshikwa na mwenzake. Alipofika nusu akasema, kwa maneno yaliyonyooka, "Mama, ongeza sukari."

Tulicheka wote. Mama Paskazia aliongeza sukari, kisha akaenda nyuma ya gari, akakaa huko kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi, ingawa gesi haina moshi.

Alirudi Mwanza na kanuni ambayo wapishi wetu wote sasa wanaijua: jiko hujaribiwa kwenye hali ya hewa ya kule linakokwenda. Gesi ikabaki kwa kambi za ziwani. Safari za nyanda za juu zikarudishiwa majiko ya pampu, pamoja na spiriti ya kuyapasha joto kabla ya kuwasha na sindano ya kuzibulia matundu yake. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha Mpishi Mkuu, na wapishi aliowafundisha wametapakaa kwenye kambi zetu zote.

Sasa anahamia nyumbani kwake Buswelu. Mama Paskazia, tunakushukuru kwa kila mlo, na kwa kutupatia joto pale tulipolihitaji. Mungu akujalie afya na majirani wema. Lala mpaka jua lipande, na chai ya asubuhi akupikie mtu mwingine.

Oyoo Agutu, dereva, kwa niaba ya wafanyakazi wote