Santuri Kumi na Moja za Mama Sekunde

Mama Sekunde ameitumikia maktaba ya santuri ya redio yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muda mfupi baada ya ninyi kumaliza kusoma karatasi hii na kuanza kujipepea nayo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ni fundi mitambo wa studio namba mbili, na tumekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mitatu. Niliambiwa niandike kwa furaha. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu hasira imenishinda.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Wiki ya pili alitumwa maktaba kupiga chapa orodha ya santuri, akakuta orodha yenyewe haipo. Santuri elfu sita zilikuwa zimepangwa kwa rangi za majalada, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, kama vitambaa dukani. Akaomba ahamishiwe hukohuko. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka vumbi lile, barua yake ilijibiwa siku hiyohiyo, jambo ambalo halijatokea tena katika ofisi hii.

Jina la Mama Sekunde alilipata kwa saa ya kupimia mbio aliyoachiwa na kaka yake, mwalimu wa michezo. Kila santuri iliyoingia aliisikiliza yote, saa mkononi, akaiandikia kadi: muda wa kila sehemu, na maneno machache juu ya alichokisikia. Bintiye anasimulia kwamba hata nyumbani kuoga kulipimwa, wali ulipimwa, na baba mtu alipoanza kuwaonya watoto, saa ilibonyezwa. Rekodi ya mzee ni dakika arobaini na moja.

Sasa nifike kwenye ile simfoni. Ni kazi ya karne ya kumi na tisa, enzi zile watungaji walipoacha kuona haya kulia mbele za watu. Sehemu yake ya pili ni ya polepole. Fidla zinatandika chini kwa utulivu, kisha baragumu moja linaingia peke yake na kuimba. Maktaba ilikuwa na santuri kumi na moja za simfoni hiyo moja, za okestra tofauti na viongozi tofauti. Ukimuuliza za nini zote hizo, alikuuliza kama ukishapata habari za msiba kutoka kwa shangazi, huwa huna haja tena ya kumsikia mjomba.

Alizilinganisha kwa miaka. Katika santuri ya kwanza sehemu ile inachukua dakika kumi na moja tu, na kadi inasema: “Kiongozi ameacha maziwa jikoni.” Ya nne inafika dakika kumi na sita: “Anaogopa kufika.” Ya saba haina doa, kila noti imepigwa pasi: “Nzuri. Sikumbuki kitu.” Ya tisa ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, wanakohoa, na kiti kinalia mahali. Dakika ya tatu baragumu linapanda kuifuata noti ya juu, linakwama, linanyamaza, halafu linarudi na kuimba kama mtu aliyeamua kusema ukweli liwalo na liwe. Kadi ya tisa inasema: “Dakika 14, sekunde 20. Usiikate.”

Neno hilo la mwisho liliandikwa kwa ajili yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa santuri hiyo niihamishie kwenye tepu, itumike katika kipindi chake cha Jumapili, kile ambamo wasikilizaji walipigiwa kipande kimoja kutoka santuri tatu, wakaandika barua kusema ipi imewagusa. Nilisikia baragumu likikwama, nikaona aibu kwa niaba ya mpigaji. Nikachukua wembe, nikakata kosa lote na ule ukimya wake, nikaunganisha tepu vizuri kabisa. Nilijisikia fundi kwelikweli. Mama Sekunde aliisikiliza, akabonyeza saa yake, akanitazama. “Umeniletea sekunde nne pungufu. Ziko wapi?” Zilikuwa sakafuni, miguuni pangu. Niliziokota na kuzirudisha huku yeye amesimama. Jumapili ile zikaja barua zaidi ya mia, na nyingi ziliisifu ya tisa. Fundi cherehani mmoja aliandika kwamba yule wa baragumu ameshona, akafumua, akashona tena, na kwamba nguo ya namna hiyo ndiyo hudumu.

Hayo ndiyo ya furaha. Nimeyamaliza.

Mwezi Machi iliundwa kamati ya watu watano ya kupunguza maktaba, kwa kuwa chumba kinatakiwa kuwa ukumbi wa mikutano. Tayari tuna kumbi tatu za mikutano, na katika mojawapo ndimo kamati ilimokaa. Mkurugenzi aliuliza kwa nini redio itunze wimbo mmoja mara kumi na moja. Mwenye jibu hakualikwa. Kwa dakika arobaini, chai ikiwemo, tuliamua kila kazi ibaki na santuri moja, iliyo safi kuliko zote. Ya simfoni ikabaki ya saba. Kisha akapelekewa barua yeye mwenyewe, Mama Sekunde, azitie alama nyekundu zote zinazotupwa. Alizitia. Mistari yake imenyooka kama kawaida.

Nimesema tuliamua. Mjumbe wa tano wa kamati ile nilikuwa mimi. Nilijua kila kadi ilisema nini, na mkono niliunyoosha pamoja na wengine kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi studio na sikutaka kuonekana mkorofi. Kwa hiyo wanaodhani hasira yangu ni ya Mkurugenzi wamekosea. Yeye anapata sehemu yake, na watu wa stoo, ambao nitawafikia, wanapata yao, lakini fungu kubwa ni langu. Mara ya pili katika maisha yangu nimekata kilekile, na safari hii hata wembe sikushika.

Mama Sekunde hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu: badala ya zawadi, apewe santuri ya tisa na kadi yake. Stoo wakamjibu kwa maandishi kwamba mali ya ofisi haiwezi kupewa mtu binafsi. Kutupwa inaruhusiwa. Maboksi mliyoyaruka koridoni mkija hapa ndiyo hayo. Lori linayafuata Jumatatu. Zawadi yake ni saa ya ukutani. Nimeipima juzi, inachelewa dakika mbili kwa siku.

Katika ratiba mliyo nayo, namba tano, kabla ya hotuba ya Mkurugenzi, pameandikwa “Muziki laini, dakika tatu.” Aliyeandika alisahau kuuliza nani anashika mitambo. Muziki wenyewe ni dakika kumi na nne na sekunde ishirini, na tutausikia wote. Dakika ya tatu baragumu litakwama. Msicheke, wala msigeuke kunitazama mkidhani mashine imeharibika.

Ukimalizika, nitaitoa santuri ya tisa kwenye mashine, nitaitia katika jalada lake pamoja na kadi, nitatembea nayo mbele ya wageni wote na kuiweka mikononi mwake. Mwenye kutaka kusema ni mali ya ofisi, kipaza sauti kitakuwa wazi na nitampandishia sauti mwenyewe.

Asante, Mama, kwa miaka thelathini na minne ya kusikiliza kwa niaba yetu. Asante kwa kunisimamia nikiokota sakafuni. Nenda nyumbani ukapumzike, umpime mzee hotuba zake, wajukuu wakuchoshe kwa raha zao, na siku zako zilizobaki ziwe za polepole bila kuogopa kufika.

Nimeipima tena asubuhi hii. Ni dakika kumi na nne na sekunde ishirini kamili. Sikukata.