Mama Pamba na Kizibo Kilichokwama

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pamba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, binti pekee wa fundi seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Inasemekana alikuwa mtoto mtulivu, ila alilia akiharakishwa. Hilo halikubadilika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Akiwa kidato cha pili alivunja chupa ya maabara, akaadhibiwa kuosha vyombo vyote vya kioo kwa muhula mzima. Muhula ulipokwisha aliomba adhabu iendelee. Mwalimu alidhani anadhihakiwa.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika duka la vitu vya kale, barabara ya nyuma ya posta, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kuosha na kuhifadhi glasi, bakuli na chupa za zamani, zile ambazo watu huzikusanya na wala hawazitumii. Alivua pete, akatandika taulo ndani ya beseni la plastiki, akatia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha akaosha moja moja. Zenye ukingo wa dhahabu alizigusa kwa pamba tu, na ndiko lilikotoka jina lake. Nyumbani nako hatukupumua. Ukiweka glasi kabatini kifudifudi, alikuuliza kama hiyo ni popo. Na ole wako uzibe chupa kabla haijakauka ndani.

Tarehe 20 Agosti 1977 aliolewa na baba yetu, fundi saa aliyechelewa hata harusi yake mwenyewe. Bibi, mama mzaa baba, alimkabidhi mkwe wake chupa ya kioo cha kuchongwa, yenye kizibo cha kioo, aitunze hadi shangazi yetu, dada wa baba, atakapoirithi. Hapo ndipo mtaalamu wetu alipoteleza. Siku moja, wageni wakiwa mlangoni, aliiosha upesi na kuiziba ingali na unyevu. Kizibo kikang'ang'ania. Bibi alipofariki mwaka 1984, shangazi alidai chupa yake. Mama alisema atampa ikifunguka, maana alijua mwenzake angechukua koleo na kuivunja shingo. Shangazi aliona ni kisingizio, akaja juu, na wakanuniana mpaka sisi tukawa watu wazima. Kwenye harusi zetu tuliwapangia viti kama Mama alivyopanga glasi zake, zisigusane.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Mikono ilianza kutetemeka, akaacha kushika kioo. Alituambia waziwazi kwamba kufa hakumtishi, ila anaogopa kufa wifi yake akiwa bado amenuna. Mdogo wetu akampigia shangazi simu. Shangazi alikuja, akasimama mlangoni, akasema amefuata chupa yake tu.

"Ipo," Mama akamjibu. "Keti nikufundishe kuifungua."

Alimfundisha kutia tone la mafuta shingoni, kuiacha mahali penye joto, kuigonga taratibu kwa mwiko wa mti, na kutolazimisha. Shangazi akawa anakuja kila Jumapili. Mwanzoni waliongea habari za mafuta tu. Baadaye wakaanza kumsengenya marehemu baba yetu, nasi tukajua mambo yanakwenda vizuri. Jumapili moja ya mwezi Mei 2023 shangazi alizungusha, na kizibo kikazunguka.

"Wifi, kimetoka."

"Usikirudishe," Mama alisema. "Iache wazi ipate hewa."

Shangazi akalia. Alisema miaka yote alidhani amenyimwa. Mama akamwambia kwamba yeye aliona aibu tu, na aibu ikamzidi.

Mama alifariki tarehe 11 Juni 2023, alfajiri, usingizini, shangazi akiwa amelala kitanda cha pili chumbani humo. Tumelia sana. Lakini hatuwezi kuwaficha kwamba tumeshusha pumzi pia, kwa kuwa aliondoka akiwa mwepesi, bila kinyongo na mtu.

Ameacha watoto watatu, wakwe na wajukuu saba. Tulipofika hapa tukiandika, tulimuuliza shangazi tumtaje kama nani. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Andikeni dada."

Ameacha pia dada mmoja.

Lala kwa utulivu, Mama. Mungu akupokee taratibu.