Bi. Zabibu Mketo na Ukelele Uliobaki Kwenye Kanda

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Zabibu Mketo anastaafu hapa Redio Mikoko, Kibiti, baada ya miaka ishirini na minne. Alipoajiriwa, Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji na studio yetu ilikuwa ghala la mpunga. Panya walichelewa kupewa taarifa ya mabadiliko.

Kwenye faili ameandikwa mtunza kanda. Kwa kweli alirekodi, alisoma matangazo ya misiba na alifundisha watangazaji wawili kupumua. Paa lilipovuja, mwavuli wake ulikaa juu ya kabati la kanda, mwenyewe akalowa.

Kazi yake kubwa ilianzia Mbuchi, mwaka 2009. Vijana wanne wa huko walikuwa na bendi ya roki, Kambare: magitaa matatu, ngoma, na kelele za kutosha. Bi. Zabibu alikwenda na kinasa sauti, akawarekodi nyimbo nne barazani kwa mama wa mwimbaji, Abdulhalim. Mama huyo, Bi. Mwanawetu, hakuwa na nafasi ya muziki. Mpunga ulikuwa umekomaa, naye alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti nyuma ya nyumba, akiamia ndege wasile mpunga. Katikati ya wimbo wa tatu, "Maji ya Kupwa", magitaa yaliponyamaza kidogo, akapiga ukelele: "Hoooya, tokeni!" Ukaingia kwenye kanda. Vijana walitaka kurudia. Bi. Zabibu akawaambia betri zinakwisha. Betri zilikuwa mpya.

Wimbo ukapendwa delta nzima. Harusini, ukifika pale, ukumbi wote unafukuza ndege.

Mwaka 2015 Kambare wakatoa albamu Dar es Salaam, zile nne wakazirekodi upya. Bi. Zabibu akaanzisha kipindi cha Jumamosi, "Ya Baraza na ya Studio": anapiga rekodi ya zamani, kisha mpya, wasikilizaji waamue. Hakupendelea, kwa kadiri binadamu anavyoweza. Alikiri nyimbo mbili zimependeza zaidi kwenye albamu, kwa kuwa mpiga ngoma alikuwa amejifunza kuwasubiri wenzake. Lakini "Maji ya Kupwa" ilikuwa imesafishwa kama sahani ya mgeni. Besi inasikika, sauti haikwaruzi, na pale pa ukelele wamejaza kinanda. Msikilizaji wa Mohoro alipiga simu kulalamika: "Bi. Zabibu, sisi tumepiga ukelele wetu, kinanda kikatuzomea!"

Bi. Mwanawetu alifariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye tukahamishia kanda kwenye kompyuta, na fundi wetu Mudrick, kwa nia njema kabisa, akaondoa kelele zote. Ukelele ukaenda nazo, na kanda akazitupa. Wiki ileile Abdulhalim akaja.

"Shangazi, sauti ya mama bado mnayo? Nyumbani tuna picha tu. Wanangu hawajawahi kumsikia."

Mudrick alianza kutafuta pa kuangalia. Bi. Zabibu akafungua mkoba, akatoa kanda iliyofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Mudrick nilimpa nakala, hii ndiyo yenyewe," alisema. "Ni msafi mno yule."

Tukaipiga. Abdulhalim alikaa sakafuni, akaomba irudiwe. Mara ya tatu, mama yake alipopiga ukelele, akaitika: "Naam, mama." Hakuna aliyemtazama. Sote tulikuwa tunakagua nyaya.

Siku ya hafla ya kumuaga, Bi. Zabibu atamkabidhi Mudrick kanda hiyo. Ameiomba mwenyewe, na ameapa kutoisafisha. Tutapiga rekodi ile ya baraza, na Abdulhalim atakuwepo na wanawe. Tunawaomba, magitaa yakinyamaza, safari hii nasi tunyamaze, tumwachie Bi. Mwanawetu ndege wake.

Bi. Zabibu, ahsante kwa kazi yako yote, na kwa uongo ule wa betri. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na paa lisilovuja.