Choo cha Paka wa Breki

Benchi letu lilikuwa mlango kabla halijawa benchi. Randa, seremala wa mtaa, aliulaza juu ya matofali akasahau kung'oa kitasa, kwa hiyo anayekaa upande wa kulia hukaa kwa tahadhari. Liko kibarazani, kati ya chumba changu cha kunyolea na cherehani ya Mama Sindano, ambaye chupa ya kahawa ni yake na kwa hiyo serikali ni yeye. Pembeni yupo Profesa, fundi simu, ambaye hajawahi kufundisha mtu yeyote kitu chochote, ila hajawahi pia kutamka neno "sijui". Halafu kuna Breki. Breki ameendesha malori miaka thelathini na moja, ana sauti ya honi na viganja kama koleo. Mkewe alifariki mwaka jana. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, binti yake alimletea paka mchanga wa kijivu anayeenea ndani ya kiatu, akamwambia, "Baba, hebu nishikie huyu." Tangu hapo Breki akawa anachelewa kufika kijiweni, anawahi kuondoka, na sweta lake limejaa manyoya.

Asubuhi hiyo alifika na mfuko mdogo wa plastiki mkononi. Hakusalimia vizuri. Alikaa upande wa kulia, kitasa kikamchoma, wala hakulalamika. Ndipo tukajua kuna jambo.

— Hajaenda chooni tangu jana asubuhi, akasema.

— Nani, wewe? nikamuuliza.

— Paka, bwana.

— Aa, paka wa binti yako, akasema Mama Sindano bila kuinua macho kwenye pindo la gauni. Yule uliyesema humtaki.

— Simtaki. Namshika tu.

— Unamshika mpaka kwenye kola?

Breki akajipangusa kola. Manyoya yakahamia kwenye mkono.

— Nisikilizeni kwanza. Nimemnunulia mchanga wa paka, ule wa dukani, mzuri kabisa. Unanukia maua. Ukilowa unaganda bonge, unachota bonge unatupa. Muuzaji kaniambia hata wafalme wanautumia.

— Wafalme wanajisaidia humo? akauliza Randa.

— Paka wa wafalme! Sasa huyu wangu... huyu wa binti yangu, anaingia kwenye beseni, anachimba, anakaa humo muda mrefu, anatoka. Hakuna kitu. Nadhani mchanga haumpendezi. Nimekuja nao muuone.

Akafungua mfuko. Punje za kijivu, laini kidogo kuliko changarawe. Harufu ya maua ikafika mpaka kwenye kahawa yangu. Mfuko ukapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiuchungulia kama daktari bingwa.

— Tatizo nimeliona, akasema Profesa.

— Umeliona kwa sekunde ngapi? nikamuuliza.

— Wewe nyoa vichwa, vilivyomo ndani niachie mimi. Breki, nisikilize. Paka ana dira kichwani. Ndiyo maana ukimtupa mbali anarudi. Sasa mchanga huu una chembe za chuma, angalia rangi. Chuma kinavuta dira. Mtoto wa watu anaingia kwenye beseni, hajui kaskazini iko wapi, anaogopa kujisaidia asije akapotea.

— Apotee kwenye beseni? akasema Mama Sindano.

— Wewe cheka. Ligeuze beseni lielekee mashariki uone.

Randa akatema mate pembeni, ishara kwamba sasa anazungumza mtu wa kazi.

— Achana na dira. Paka anataka pumba la mbao. Pumba linanyonya, halina kelele, na mimi ninalo magunia matatu. Njoo uchukue.

— Pumba la mbao gani? nikauliza.

— Mchanganyiko. Lingine la mbao tulizopaka dawa ya mchwa. Hilo ndilo zuri, hata viroboto watakimbia.

— Na akizoea harufu ya mbao? akauliza Profesa. Si atadhani kila kabati ni choo? Kitanda choo, meza choo, mlango choo. Hata benchi hili.

Sote tukaliangalia benchi. Breki akainuka kidogo, akakaa tena.

— Mimi ningekupa vipande vya vitambaa, akasema Mama Sindano. Lakini mkojo wa paka kwenye kitambaa hautoki hata ukichemsha. Utakuja kunilaumu.

Mimi nami, sitaficha, nikaona nisibaki nyuma.

— Nina nywele, nikasema. Kila siku ninafagia ndoo nzima. Nyepesi, kavu, hazina vumbi.

Randa akakiweka kikombe chake chini.

— Kinyozi, akasema Breki polepole, unataka paka wangu ajisaidie kwenye kichwa cha mwenye nyumba wangu?

— Umesema "wangu", akasema Mama Sindano.

— Sijasema.

— Umesema "paka wangu". Profesa, umesikia?

— Nimesikia. Na hilo nalo lina maelezo ya kisayansi.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Breki hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua mdomo wa ule mfuko kwa vidole vile vilivyozoea usukani wa lori.

— Jana usiku alilia, akasema. Siyo kilio cha njaa. Maziwa nimempa, kayaacha.

Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni dada mmoja aliyekuja kujaribu gauni lake, bado lina pini begani. Hatukuwa tukimfahamu. Baadaye ndio tukajua analea watoto wachanga ambao mama zao wanashinda kazini. Alikuwa anatusikiliza muda wote, mkono mmoja umeshika pindo.

— Samahanini, shikamoo baba zangu, akasema. Hivi huyo paka, huo mchanga hali?

Profesa akafungua mdomo, akaufunga. Nilimjua Profesa miaka minane, sikuwahi kuuona mdomo wake ukifanya kitendo hicho cha pili.

— Ale mchanga kwa nini? akasema Randa. Ana wazimu?

— Ana umri gani?

— Wiki tano, akasema Breki. Binti kaniambia wiki tano.

— Wiki tano ni mtoto. Mimi nashinda na watoto. Mtoto hakuulizi kama kitu kinaliwa, anakitia tu mdomoni. Ninaokota vifungo, karatasi, sabuni. Ndiyo maana nauliza.

Breki alikuwa ameganda. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo:

— Ana punje kwenye masharubu. Kila akitoka kwenye beseni ana punje mdomoni. Mimi namfuta. Nilidhani ni vumbi.

Yule dada akaingia kibarazani, akachukua kikombe changu kilichobakiwa na kahawa kidogo, akachota kijiko cha ule mchanga akautumbukiza. Tuliinama wote watano, vichwa vikagongana. Kahawa ikanyonywa yote. Punje zikavimba, zikashikana, zikawa tope zito, kisha donge moja. Randa akalichokoa na kijiko, kijiko kikabaki kimesimama wima chenyewe.

— Ndio uzuri wake huo, akasema Profesa taratibu. Unaganda ukilowa.

— Na tumboni kumelowa, akasema Mama Sindano.

Breki hakusubiri. Mtu yule ambaye goti lake moja huwa tunalisikia likilia akitoka kwenye benchi, alikimbia. Nilifunga mlango wangu nikamfuata, na Randa nyuma yangu na kalamu sikioni. Tulimkuta chumbani kwake amepiga magoti mbele ya katoni iliyotandikwa kanga ya marehemu mkewe. Ile kanga tuliijua. Hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa, hata dada yake alipokuja kupanga vitu. Sasa paka alikuwa amelala juu yake, tumbo gumu kama limao, macho yamefumba nusu.

— Msiniangalie, akasema Breki. Mleteni daktari, au nipeni njia.

Randa akakimbia kuleta mkokoteni wake wa pikipiki, ule wa kubebea mbao. Breki akapanda nyuma na katoni kifuani, mimi pembeni yake, akamwelekeza Randa kila shimo: "Taratibu hapo! Kuna jiwe! Wewe unabeba mbao au unabeba roho?" Mtaa mzima ulimsikia.

Daktari wa wanyama alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alimbonyeza paka tumboni kwa vidole viwili, muda mrefu, kisha akauliza maswali machache. Akasema njia haijaziba yote, au hivyo ndivyo anavyotumaini. Atamwongezea maji kwa sindano chini ya ngozi na kumpa dawa ya kulainisha, kisha tungoje. Akipata choo, kapona. Asipopata, itabidi apasuliwe, na mwili wenyewe ni mdogo, hawezi kuahidi kitu.

Breki akamuuliza alichokuja kutuuliza sisi:

— Sasa choo chake nimtilie nini?

— Karatasi, akasema daktari. Magazeti yaliyochanwachanwa, au zile punje za karatasi zilizobanwa. Ukipata punje za mbao zisizo na dawa, sawa. Mchanga unaoganda, bado kabisa, mpaka akue na aache kutia vitu mdomoni. Wenye manukato, usiuguse. Pumba la vumbivumbi litamkaba kifua.

— Na la mbao zenye dawa ya mchwa? nikauliza, namwangalia Randa.

— Nani kakushauri hivyo?

Randa akageuka kusoma tangazo la chanjo ya ng'ombe.

— Na beseni liwe la kingo fupi, akaendelea daktari. Miguu yenyewe ndiyo hiyo. Lako lina kingo kiasi gani?

Breki akaonyesha kwa kiganja. Kwa urefu huo, ilikuwa ndoo, si beseni. Daktari akavua miwani akaifuta.

Paka alibaki pale. Breki naye alibaki mpaka walipofunga, na kesho yake walipofungua walimkuta mlangoni. Kijiweni tulikaa bila yeye. Mama Sindano alichana magazeti. Alianza na moja, akamaliza rundo zima, kwa mkasi ule wa kukatia hariri ambao haturuhusiwi kuukopa. Profesa akaleta trei pana ya kuhifadhia skrubu, ameiosha mara mbili. Randa akaipiga msasa kingo isimkwaruze mtu. Yule dada alipita akielekea kazini, akauliza kama kuna habari. Hakukuwa na habari. Alikataa kahawa, kisha akakubali.

Kabla ya adhuhuri alikuja mteja wangu, bwana mmoja wa kutoka mtaa mwingine, suti, viatu vinang'aa, anawahi kikao. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto wa kichwa chake simu ya Profesa ilipolia. Profesa akaiweka sauti kubwa. Tulisikia kwanza pumzi za Breki, kisha honi:

— Amekunya!

— Unasemaje?

— Amekunya! Bonge! Daktari mwenyewe kashangaa! Na sasa anakunywa maziwa, na paka wangu anakuja nyumbani!

Safari hii hakuna aliyemsahihisha. Mama Sindano alipiga kigelegele, mkasi mkononi. Randa alimkumbatia Profesa, Profesa akamkumbatia Randa, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu saa. Mimi nilijikuta kibarazani na mashine ya kunyolea inanguruma hewani, machozi yananitoka.

Mteja alitoka nyuma yangu, shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. Akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu kwa heshima kama mtu anayejiandaa kutoa pongezi.

— Hongereni sana, akasema. Nani kafanya nini?

Tukaangaliana. Mama Sindano akamwangalia Profesa. Profesa akaangalia viatu vyake mwenyewe. Nami nikamshika yule bwana bega, nikamrudisha taratibu kwenye kiti.