Sikio la Mathe Jepkosgei Linapumzika

Tarehe 31 mwezi huu, Bi. Jepkosgei anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya vyombo vya muziki hapa Nakuru. Sisi tunamwita Mathe, yaani mama.

Alianza kwa kupanguza vumbi kwenye spika, akaishia kuwa bingwa wa ampu, yaani vikuza sauti, za gitaa za valvu, zile za kizamani zenye vitaa vya kioo ndani. Sheria yake ilikuwa moja: ampu haitoki hapa mpaka aweke sikio kwa spika na aridhike. Kuna pasta aliwahi kungojeshwa hadi ibada ikaanza bila yeye. Hakuombwa msamaha. Alipewa chai.

Mwaka huu sikio lilianza kugoma. Mathe alikataa habari hiyo, ingawa simu yake iliita mpaka majirani wakaja kuuliza kama tuko salama. Ila chai ikimiminwa, hata akiwa duka la tatu, alisikia. Hiyo hata mimi, na akili zangu zote, sijaielewa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ampu ya Kamande, mpiga gitaa wa Gilgil. Ina matundu manne ya kuchomeka gitaa, na Kamande alikuwa akiunganisha pande zake mbili za sauti kwa kipande cha waya pale mbele, ambacho kilipenda kuchomoka katikati ya wimbo. Mathe akaziunganisha kwa ndani, akaweka waya wenye kifuniko cha kuzuia kelele, akasogeza rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, hadi mguuni pa valvu. Kazi safi. Mimi ningemaliza haraka zaidi, lakini mimi ni mimi.

Kisha akainama kwa spika. Akakaa hapo. Tukajua hawezi kutofautisha kama ni kelele imeisha au ni sikio halisikii. Akisema haitoki, Kamande anakosa harusi ya Jumamosi, na Mathe anaenda nyumbani akiacha kazi wazi mezani.

Akainuka, akaniangalia mimi, niliyepewa naye jina la Redio tangu niajiriwe.

"Redio, nyamaza kidogo. Unasikia nini hapo?"

Nikainama. "Hakuna kitu, Mathe. Kimya."

Akanipa bisibisi. "Basi funga."

Kamande alipiga harusi nzima bila waya kuchomoka. Mimi tangu siku hiyo naingia mlangoni kwa upande, kifua hakitoshei.

Asante, Mathe. Nenda Olenguruone upande viazi, ulale mpaka jua likuchoke, maisha yakunyookee. Saa nne tukimimina chai, kikombe chako kitakuwa mezani. Tunajua utasikia.