Dawa ya Uhamisho

OPERETA: Kasulu nimeipata, mama. Dakika tatu tu. Ongea.

JOSEPHA: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

NDAYIRAGIJE: Mimi, mumeo! Amahoro, Mama Nestori?

JOSEPHA: Amahoro! Telegramu imefika, Baba Nestori! "Nimepata kazi mganga." Imesomwa kanisani, watu wakapiga vigelegele—

NDAYIRAGIJE: Kanisani?

JOSEPHA: Mbele ya wote! Nikawaambia, miaka tisa ya kuvaa koti jeupe kule Burundi haipotei bure. Hospitali wamekupa nyumba? Tufunge mizigo lini?

NDAYIRAGIJE: Nestori hajambo?

JOSEPHA: Jumapili alianguka tena. Vidonge vya kifafa vimebaki vinne. Siku nne! Zahanati hapa hawana, wanataka barua kutoka huko Kasulu. Ndiyo maana nashukuru sasa baba yake ni—

NDAYIRAGIJE: Sikiliza. Si hospitali.

JOSEPHA: Haloo? Simu inakwaruza. Umesema hospitali gani?

NDAYIRAGIJE: Si hospitali! Nilikwenda kwanza ofisi ya wageni. Karani mmoja, bwana Khatibu, akaniuliza kazi yangu. Nikasema mganga. Kwetu umuganga si mtu wa sindano?

JOSEPHA: Ego. Ndiye huyo.

NDAYIRAGIJE: Akataka cheti. Nikamwambia kimebaki kule, tulipokimbia mauaji mwaka wa sabini na mbili hakuna aliyepanga sanduku. Akasema mganga asiye na cheti ni wa kienyeji. Akaandika. Akagonga mhuri.

JOSEPHA: Wa kienyeji? Wewe, mgeni wa juzi?

NDAYIRAGIJE: Wenzangu wanahangaikia uraia, mimi nimepewa uenyeji bure.

JOSEPHA: Mpiga ramli! Mana yanje! Na mimi nimetangaza kanisani! Mwambie afute!

NDAYIRAGIJE: Hataki. Ananihitaji. Anataka dawa ya uhamisho, arudi kwao Tanga. Hata sasa nimekalia kiti chake, yeye kaenda kutafuta kuku mweusi.

JOSEPHA: Baba Nestori! Wewe mzee wa kanisa!

NDAYIRAGIJE: Huyo kuku nitamchemsha na chumvi, basi. Ngoja nimalize—

JOSEPHA: Umalize nini? Mtoto ana vidonge vinne!

NDAYIRAGIJE: Ninavyo mia!

JOSEPHA: Rudia.

NDAYIRAGIJE: Vidonge mia, mfukoni. Nilimwambia Khatibu dawa yangu haishiki mpaka mwenye shida atende jema kwanza. Akauliza jema gani. Nikasema, kuna mtoto wa kifafa Kibondo, mwandikie barua ya matibabu. Akaiandika palepale! Nikamwambia mizimu ya kwetu haitambui barua isiyo na mhuri. Akagonga mitatu. Hospitali kaipeleka mwenyewe, kwa baiskeli, akarudi na vidonge.

JOSEPHA: Yoo...

NDAYIRAGIJE: Unacheka au unalia?

JOSEPHA: Sijui. Vyote.

NDAYIRAGIJE: Mimi naona aibu, Mama Nestori. Nimesomea kazi hii. Lakini mtoto hatibiwi kwa aibu yangu. Kesho nakutumia vidonge kwa gari la posta.

JOSEPHA: Posta! Si wanataka kitambulisho? Changu kinangoja picha tangu Pasaka. Kifurushi cha jirani yetu Veronica kimelala hapa posta wiki ya sita, anakiona kwenye rafu kwa macho yake!

NDAYIRAGIJE: Basi nitafute mtu wa lori—

JOSEPHA: Lori lipi, na mvua hizi?

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha.

NDAYIRAGIJE: Mama Nestori, vile vinne usi—

JOSEPHA: Nisifanye nini? Haloo? Haloo!

OPERETA: Imekatika, mama. Mimi sikuwa nasikiliza.

JOSEPHA: Najua, kaka.

OPERETA: Ila hiyo dawa ya uhamisho... Mimi hapa Kibondo huu mwaka wa sita. Kwetu Lindi. Mama yangu amezeeka.

JOSEPHA: Mume wangu ni mganga mkali sana, kaka. Lakini umesikia mwenyewe, dawa yake inaanza na tendo jema.

OPERETA: Sikusikia! Ila... kitambulisho si neno. Gari likifika tu, kifurushi nakuletea mpaka mlangoni.

JOSEPHA: Na cha Veronica.

OPERETA: Na cha Veronica. Na mihuri, mama, nigonge mingapi?

JOSEPHA: Mitatu.